Kigeu Huru ni Kofia Yangu

Jumatatu, 4 Agosti

Mikate ya asubuhi imebonyea tena. Yote. Katikati, kama mito iliyokaliwa na mtu mnene. Dada, mwenye tanuri hili, hakufoka. Alibonyeza mmoja kwa kidole, akanitazama. Kwa nini mimi? Unga anakanda Kimya, mkandaji wetu, mwenye mikono kama mapaja na maneno ya kuhesabika. Mimi ni mtu wa tanuri tu. Naingiza, natazama, natoa. Tena natazama kwa upendo! Yule mzee aliyekuwa na kazi hii kabla yangu alikuwa akiingiza mikate, anafunga mlango wa chuma, anakwenda zake kukaa kibarazani. Mimi siwezi. Kila nikivuta pumzi kidogo, nafungua kuijulia hali. Marehemu bibi alisema mgonjwa asiyetembelewa haponi.

Ajabu ni kwamba tangu nilishike tanuri hili mwezi uliopita, unga wa siku hizi umeharibika kabisa.

Leo amekuja mtunza stoo wa shule ya bweni, mnunuzi wetu mkubwa. Kasema wanafunzi wanauita mkate wetu bakuli. Wanamimina maharage pale kwenye shimo. Juma lijalo asipoona mabadiliko anahamia kwa waokaji wengine. Dada akamsindikiza hadi mlangoni kwa tabasamu, akarudi bila tabasamu. Akatutangazia: anafungua duka la kuuzia mkate karibu na kituo cha mabasi. Atakayekomesha huku kubonyea atakabidhiwa ufunguo wa duka hilo, awe msimamizi.

Ufunguo! Moyo uliniruka. Baba wa mchumba wangu anauza vifaa vya ujenzi: misumari, bawaba, makufuli. Mtu wa makufuli huona dunia nzima kwa makufuli. Alishaniambia wazi kwamba hamtoi binti yake kwa mwanaume asiye na mlango wa kufungua kwa ufunguo wake mwenyewe. Mwanaume bila ufunguo, alisema, ni mgeni kila mahali. Mimi nalala chumba cha uani kwa Dada. Kina pazia.

Kwa hiyo duka ni langu. Kuna kikwazo kimoja tu: Shemeji, mume wa Dada. Mwalimu wa sayansi sekondari, yuko likizo yake ya mwaka, hana la kufanya. Kasema naye atachunguza. Eti duka halitaki, anataka kujua sababu tu. Wasiotaka ndio wa kuogopwa. Akishinda, duka atapewa mdogo wake wa kike, yule mwenye ulimi wa kumuuzia samaki maji.

Jumanne, 5 Agosti

Shemeji ametufundisha sayansi juu ya meza ya kukandia. Hatukumwomba. Alichora kwa chaki ukutani. Kasema jaribio lolote lina kigeu huru, yaani kitu kimoja unachokibadilisha wewe mwenyewe kwa makusudi. Halafu kuna kigeu tegemezi, yaani kile unachokipima uone kimebadilika vipi. Kwetu sisi ni kimo cha mkate. Vingine vyote unaviacha kama vilivyo. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, kasema, umejifunga kamba mwenyewe, hutajua kipi kimefanya nini.

Nimeelewa upesi kuliko alivyotarajia. Kigeu huru ni mkubwa, kigeu tegemezi anamfuata. Nikatoa mfano: Dada ni kigeu huru, Shemeji ni kigeu tegemezi, maana bila mkate wa Dada angekula chaki. Kimya alikohoa ndani ya unga. Shemeji hakucheka. Watu wa sayansi hawana ucheshi.

Mchana nikafanya jaribio langu la kwanza. Kubadilisha kitu kimoja kimoja ni kazi ya watu wenye likizo. Mimi nina mchumba. Nikabadilisha vyote! Unga wa kiwanda kingine. Hamira mpya. Maji ya moto. Sukari zaidi. Trei nikazigeuza, zilizokaa mashariki zikatazama magharibi. Kisha nikasimama mbele ya tanuri kama baba nje ya chumba cha kujifungulia, nafungua, nafunga, nafungua.

Imebonyea.

Shemeji akaja na rula yake ya kijani. Anachomeka njiti ya ufagio katikati ya mkate, anaweka alama, anapima. Akaniuliza: hata kama mikate hii ingeumuka, ungekishukuru kitu gani? Nikamjibu ningevishukuru vyote. Nimelelewa vizuri.

Jumatano, 6 Agosti

Zamu ya Shemeji. Kaweka trei mbili. Moja unga wake umekandwa kwa maji vuguvugu, nyingine kwa maji baridi. Unga uleule, hamira ileile, Kimya yuleyule. Akaandika V na B kwa chaki kwenye ncha za trei, akasema anakwenda kunywa chai ofisini kwa Dada mpaka iive. Alisema hivyo kwa utulivu uliochukiza.

Chai ndiyo iliyomponza. Alipogeuka tu, nikafuta V nikaandika B, nikafuta B nikaandika V. Kimya aliniona. Nikamwashiria kwa kidole mdomoni, jambo ambalo kwa Kimya ni kazi bure.

Kisha wasiwasi. Je, kama moja itaumuka kweli? Nikafungua nione. Bado. Nikafungua tena. V inapanda! Yaani B. Nikafunga. Nikafungua kuhakikisha. Kumchunga adui ni kazi kubwa kuliko kumchunga rafiki. Nadhani sijawahi kufungua mlango ule mara nyingi kama leo.

Zote mbili zimebonyea, sawa kwa sawa! Rula haikupata tofauti ya hata unene wa ukucha. Shemeji, badala ya kuona haya, akafurahi. Kasema sasa tunajua jambo: maji siyo sababu. Nikamwambia amefeli mara mbili kwa siku moja, na mimi jana nilifeli mara moja tu. Nipo mbele.

Dada alipita, akatazama mabakuli yale, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Akaondoka.

Nikaanza kuwaza. Nguoni mwangu. Nikajitazama kuanzia shingoni kushuka chini.

Aproni!

Jumamosi hadi Jumamosi sijaifua. Dada kanidokezea jibu na Shemeji hakusikia. Damu nzito kuliko maji, yawe vuguvugu au baridi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemkimbilia mchumba wangu kwenye cherehani yake. Nikamwomba aproni mpya, jambo la dharura, mustakabali wetu umo humo. Akaniuliza mustakabali wetu unahitaji mifuko mingapi. Miwili, nikasema. Ana mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alikata kitambaa cha shuka huku akinieleza kwamba baba yake ameanza kumtaja mwanaume mwingine, fundi bomba, mwenye nyumba ya milango minne. Milango minne! Mtu mmoja anatokea wapi na milango yote hiyo?

Nikarudi mbio na aproni nyeupe pe. Nikasimama mbele ya tanuri nikiwa safi kama bwana harusi. Safari hii nimezingatia sayansi, nimebadilisha kitu kimoja tu. Nikafungua mara kwa mara ili mikate iione aproni vizuri.

Imebonyea.

Ndipo Kimya akasema. Nimefanya naye kazi mwezi mzima, sijamsikia akitoa sentensi kamili isiyohusu chumvi. Aliacha kukanda, akaegemea meza, akasema: nyani haoni kundule. Akarudi kukanda.

Nimefurahi sana. Sikujua kama naye amemchoka Shemeji kiasi hicho.

Jioni ujumbe: baba mkwe ananitaka kesho mchana, dukani kwake, bila kukosa.

Ijumaa, 8 Agosti

SIKU KUU! Niandike polepole nisiruke kitu.

Mikate ya mchana niliingiza mwenyewe. Nikafunga mlango. Nikatazama saa, baba mkwe ananisubiri! Huwezi kwenda kwa mkwe na kofia ya tanuri. Yangu ni nyekundu, ya sufu, imeungua ukingoni. Nikaivua, nikaitundika kwenye msumari juu ya tanuri, nikavaa ile nyeusi ya kutokea. Nikamwambia Kimya aitoe mikate ikiiva. Nikatoka mbio bila hata kuiaga.

Baba mkwe hakunikaribisha kiti. Alikuwa anapanga makufuli kwa ukubwa, kama watoto kwenye mstari wa shule. Aliniuliza habari za mlango. Nikasema unakuja. Akauliza unatoka wapi. Nikasema unatoka kwenye sayansi. Akafunga kufuli moja, tap! Akasema fundi bomba hakuitaja sayansi hata mara moja. Nimepewa muda mpaka Jumatano.

Nikarudi nimenywea. Naingia mlangoni, nasikia Dada anacheka. Dada! Mbele yake trei tatu. Mikate imevimba, imejaa, mgongo wa kila mmoja umeinuka kama wa paka anayepapaswa. Hakuna bakuli hata moja. Kimya anatabasamu kwa unga usoni. Shemeji hayupo, kaenda kunyolewa. Mungu hamtupi mja wake.

Nikafanya upelelezi palepale. Unga? Uleule. Hamira? Ileile. Maji? Yaleyale. Mkandaji? Kimya. Moto? Wa jana. Nikauliza Kimya kama amefanya lolote. Akatikisa kichwa, akasema hajafanya lolote kabisa. Alilitamka hilo neno kabisa kwa mkazo.

Basi ni nini kimebadilika? Nikainua macho. Juu ya tanuri, kwenye msumari, kofia yangu nyekundu inaning'inia, inatazama chini kwa utulivu.

Haijawahi kukaa pale! Siku zote huwa kichwani mwangu. Kitu kimoja kimebadilika, na mkate umeumuka. Kigeu huru: kofia. Kigeu tegemezi: mkate. Hata Shemeji mwenyewe asingeweza kulipanga vizuri hivyo. Nilipiga kelele mpaka mteja wa dirishani akaangusha chenji yake.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimetangaza ugunduzi wakati wa chai. Shemeji alipaliwa. Dada alimpiga mgongoni huku akiendelea kunitazama mimi. Shemeji alipopata pumzi akasema mara moja siyo ushahidi, rudia. Nikamwambia nitarudia mpaka aombe radhi.

Asubuhi: kofia kichwani, mimi tanurini, nachungulia kama kawaida. Imebonyea. Safi kabisa! Sijawahi kufurahia bakuli namna ile.

Mchana: kofia msumarini. Nikavaa nyeusi, nikaenda kwa mchumba kupimwa suti ya harusi. Akaniuliza kama siku hiyo ataolewa na mimi au na kofia. Nikamwambia tutakuja pamoja. Akanichoma pini, anadai ni bahati mbaya. Nikarudi. Imeumuka! Njiti ya Shemeji ilizama nusu yake.

 Shemeji aliifuta rula kwa shati. Kisha akauliza swali moja: kofia ikiwa msumarini, wewe unakuwa wapi? Swali la kitoto. Nikamweleza kwa subira, kama alivyotueleza yeye. Kofia ikiwa msumarini mimi nimetoka. Nikiwepo, kofia iko kichwani. Nina kichwa kimoja, Shemeji.

Akasema kwa hiyo vinabadilika viwili kwa pamoja. Nikasema naam, kofia na mkate. Akainua chaki kuelekea ukutani. Dada akamwambia aende akapumzike.

Jumapili, 10 Agosti

Shemeji ameomba jaribio moja zaidi. Kofia iwe msumarini, na mimi niwepo, kazini, nikifanya kila kitu kama siku zote. Yeye atakaa kwenye gunia la unga kutazama tangu mikate inaingia mpaka inatoka. Safari hii hataki chai. Nikakubali. Simba hakatai kutazamwa.

Aliitundika kofia yeye mwenyewe. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, lakini sikujua.

Nikaingiza mikate. Nikafunga. Nikafungua kuijulia hali. Shemeji akanyanyuka kidogo kwenye gunia, akakaa. Nikafunga. Nikafungua. Akaniuliza kama huwa nafanya hivyo. Nikauliza kufanya nini. Akasema huko kufungua. Nikamwambia hiyo siyo kufanya kitu, Shemeji, hiyo ni kutazama tu. Akataka kujua kama hata Jumatano ya zile trei mbili nilitazama. Nikasema sana, kwa ajili yake, kwa upendo. Kimya pale mezani alikuwa anakanda huku mabega yanatikisika. Nadhani ana homa.

Imebonyea. Shemeji hakuipima. Aliweka rula mfukoni, akatembea moja kwa moja mpaka kwa Dada, wakafunga mlango wa ofisi. Nilisikia Dada akisema weee!  Kisha Dada akacheka mpaka akakohoa. Maskini, ni vigumu kumwona mke akimcheka mumewe kwa kushindwa.

Nami nilishaipata sababu. Kofia ilikuwa imetazama ukutani. Tena imetundikwa na mkono wa mtu asiyeiamini. Ungeumuka vipi?

Jumatatu, 11 Agosti

Dada ameniita kwa sauti tamu. Mdogo wangu, nenda kaninunulie chumvi. Chumvi ipo, gunia zima, Kimya amelikalia. Akasema anataka ya upande wa pili wa mji, ile laini. Nisiharakishe. Nikipata rafiki nizungumze naye.

Nimeelewa: Dada ananipumzisha. Nikaingiza mikate, nikaitundika kofia kwa mkono wangu, uso mbele, nikaipapasa kidogo. Nikaenda. Nikapata rafiki, nikazungumza naye.

Nikarudi na chumvi. Mikate imeumuka kuliko siku zote! Mwingine ulikuwa umefura mpaka umegusana na jirani yake. Nikainua macho kuishukuru kofia.

Msumari mtupu.

Wizi! Nikapekua. Nyuma ya kuni, hamna. Chini ya magunia, hamna. Kichwani mwa Kimya, hamna. Mwisho ndani ya mfuko wa Shemeji wa kubebea vitabu, chini ya rula ya kijani, kofia yangu imekunjwa kama tambi. Nikamwita mbele ya wote. Hakukana! Kwa utulivu uleule kasema aliitoa pale nilipotoka tu, makusudi. Kofia haikuwa msumarini, na mkate umeumuka. Kwa hiyo siyo kofia. Akatandaza mikono kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

Nilimhurumia. Mwalimu mzima! Nikamwuliza mfuko ulikuwa wapi. Akasema hapa, chini ya meza. Nikamwuliza tanuri liko wapi. Akasema lile pale. Nikamwambia basi! Imefanya kazi ikiwa imekunjwa, gizani, ndani ya mfuko, ikikandamizwa na rula ya adui. Hata mimi sikujua ina nguvu kiasi hicho.

Shemeji alikaa juu ya gunia. Alimtazama Dada. Dada alimtazama yeye. Kisha Dada alinitazama mimi kwa muda mrefu, jicho lina maji, mdomo unatetemeka. Dada yangu kanilea tangu mama alipofariki, najua anavyoonekana akijivuna.

Akasema tatizo limekwisha. Mimi ndiye niliyempa Shemeji jibu, kwa hiyo ushindi ni wangu. Kwamba mtu kama mimi hafai kukaa karibu na tanuri. Nayanukuu maneno yake kama yalivyo, neno kwa neno, maana nitayasema harusini. Kwamba duka ni langu, nianze kesho, hata leo nikitaka.

Shemeji akanyanyuka, akanipa mkono. Akasema ameridhika, mgala muue na haki yake mpe. Mdogo wake wa kike atatafuta pengine. Kushindwa kumemfanya mtu mwema.

Jumanne, 12 Agosti

Dada kaenda mwenyewe kwa baba mkwe kununua makufuli. Mawili, aina moja, kutoka sanduku moja. Moja la duka langu. La pili kalifunga kwenye mlango wa tanuri! Mikate ikiingia, Kimya anafunga kufuli, anafungua ikiiva tu. Ufunguo kaufunga shingoni kwa kamba. Nimemwuliza Dada sababu. Kasema ni kuilinda siri yangu isiibwe. Sikutegemea angeithamini kofia hivyo. Nimeiacha pale msumarini, uso mbele, milele.

Duka lenyewe: kaunta ya mbao, rafu, dirisha la vioo linalotazama kituo. Nimekagua kila kona. Hakuna tanuri. Hata jiko la mkaa hakuna. Nikamwuliza Dada kama hilo limesahaulika. Akasema hiyo ndiyo heshima yenyewe, msimamizi haungui nyusi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefungua duka mbele ya baba mkwe. Alikuja na miwani yake ya kazini. Nikatoa ufunguo, nikauingiza, nikazungusha. Tap! Ilikuwa sauti nzuri kuliko ngoma. Akauchukua ufunguo, akaupima mkononi, akasema kufuli nalifahamu, ni langu. Akafungua mwenyewe, akafunga, akafungua. Kisha akaita jina la binti yake kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Fundi bomba na milango yake minne, kwaheri!

Mtunza stoo wa shule alipita kuchukua mikate yake. Akabonyeza mmoja. Ukarudi juu. Akasema wanafunzi wamelalamika, maharage hayana pa kukaa. Ndiyo sifa kubwa aliyowahi kumpa mtu. Mpaka saa sita rafu zilikuwa tupu. Mchumba alisimama kaunta na mimi, akifunga mikate kwa karatasi, akiwaambia wateja kwamba huyu mwenzangu ni mwanasayansi, msimwulize kitu mkiwa na haraka.

Harusi ni mwezi ujao.

Jumatatu, 18 Agosti

Likizo imekwisha. Shemeji amerudi shuleni kufundisha, na mfuko wake.

Asubuhi nilipitia kwa Dada kabla ya kufungua duka. Nia ilikuwa kuiona kofia tu. Mwenye mali hutazama mali yake. Kimya alikuwa uani anapasua kuni, na ufunguo wake shingoni. Tanuri limejaa, kufuli limefungwa. Kofia ipo, uso mbele. Nikasimama pale na ufunguo wa duka mkononi, nauchezeachezea. Sijui kilichonituma. Nikauingiza kwenye kufuli la tanuri.

Tap!

Sanduku moja, makufuli pacha, ufunguo mmoja! Baba mkwe, mtu mwenye hekima. Nikafungua mlango, nikaijulia hali. Joto lilinipiga usoni kama rafiki wa zamani. Ilikuwa imevimba vizuri, mikubwa, inang'aa. Nikaisalimu yote, trei kwa trei, bila kuharakisha, maana tumepoteana siku nyingi. Nikafunga. Nikakumbuka trei ya nyuma sikuitazama vizuri. Nikafungua tena. Kisha nikafunga kufuli kama lilivyokuwa na kwenda dukani nikipiga mluzi.

Mikate ilipoletwa dukani, imebonyea. Yote. Mabakuli matupu. Kijana wa mkokoteni hakuthubutu kunitazama. Kwa Dada, kasema, pana kelele, na Kimya anaongea. Anaongea sana.

Sikutaharuki. Asiyejua sayansi angetaharuki. Nilikaa nyuma ya kaunta, nikaweka vidole mezani, nikavihesabu vigeu kimoja kimoja. Unga uleule. Maji yaleyale. Kimya yuleyule. Kofia msumarini, uso mbele, nimeiona kwa macho yangu. Kufuli limefungwa. Hakuna kilichobadilika tangu jana. Hakuna! Isipokuwa kimoja tu: mfuko wa Shemeji umeondoka.

Mfuko ule uliilaza kofia siku nzima. Nguvu imebaki humo! Ni wazi kama mchana. Nimeshamtumia ujumbe aurudishe haraka, na rula aiache ndani. Amejibu kwa herufi kubwa, hakumaliza neno.

Mpaka mfuko ufike, mikate haiwezi kuachwa mpweke. Nimeamua kila alfajiri nitaipitia, asubuhi nitaipitia, na mchana nikifunga duka kidogo nitaipitia tena. Dada hana haja ya kujua, ana mengi ya kumsumbua.

Nimemwonyesha mchumba ule ufunguo, nikamnong'oneza siri yake. Aliutazama, akanitazama, akaketi. Amezidiwa na furaha. Baba yake alitaka mkwe mwenye mlango mmoja. Amepata wa milango miwili.